Nane ya Kiswahili

Kiingereza nne. Hesabu tatu. Biolojia mbili. Jiografia tano. Kiswahili nane.

Niliisoma karatasi ile nimesimama nje ya posta ya Mbeya, mvua ya Machi ikininyeshea mgongoni, na jambo la kwanza nililofanya ni kuigeuza nione kama upande wa pili kuna maelezo. Hakukuwa na maelezo. Mtihani wetu wa darasa la kumi na mbili ulisahihishwa Ulaya, na alama zilitolewa kuanzia moja hadi tisa: moja ndiyo bora kabisa, tisa umeanguka. Nane maana yake unaning'inia ukingoni kwa kucha. Katika Kiingereza, lugha ya watu, nilipata nne. Katika Kiswahili, lugha niliyoinyonya pamoja na maziwa, nane. Nilitukana kwa sauti pale pale barabarani, tusi ambalo siliandiki hapa, na mama mmoja wa Kisafwa aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni akageuka kunitazama. Nilimkodolea macho mpaka akashika njia yake.

Ingekuwa aibu tu ningeimeza. Aibu humezwa. Lakini mimi nilitaka kuwa daktari, na chuo cha udaktari kilikuwa Kampala, ng'ambo ya ziwa, nacho kilichukua vijana wachache mno kutoka Tanganyika nzima, wote wa daraja la kwanza au la pili. Bila ile nane, mimi nilikuwa daraja la pili bila wasiwasi wowote. Kwa ile nane, nilitumbukia la tatu. Miaka minne nilipasua vyura na kuchora moyo wa ng'ombe kwa penseli, nikasoma kwa taa ya kandili mpaka macho yakawasha, halafu nazuiwa mlangoni na Kiswahili!

Lazima nieleze sisi tulikuwa watu gani, maana bila hivyo hasira yangu haitaeleweka. Baba alikuwa na duka karibu na soko, la kanga, viungo na mafuta ya taa. Babu ndiye aliyetoka pwani, enzi za Wajerumani, akiwa karani. Akaoa huku, akazikwa huku. Baba alizaliwa Iringa, mimi nikazaliwa Mbeya. Katika nyumba yetu nzima hapakuwa na mtu aliye hai ambaye alikwisha kuiona bahari. Lakini ukituuliza sisi ni akina nani, tulijibu bila kupepesa macho: watu wa pwani.

Na kitambulisho chetu kilikuwa ulimi. Wasafwa waliposhuka kutoka milimani na viazi vyao, Wasangu walipokuja kutoka bondeni kwenye mpunga, wakaingia dukani kutaka chumvi, baba hakuwapimia chumvi mpaka waiombe sawasawa. "Sema vizuri nikuuzie," alikuwa akisema, na mtu mzima mwenye mvi akasimama mbele ya kaunta akirudia maneno kama mtoto wa chuo cha Kurani. Waliokuwa dukani walicheka. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta nikicheka kuliko wote. Baba mwenyewe, baada ya miaka ishirini ya kuuziana na Wasafwa, alijua kwa Kisafwa kuhesabu hadi kumi na kusema "ghali." Nyani haoni kundule.

Ugonjwa huo niliubeba mpaka shuleni, huko Iringa. Tulikuwa vijana wa kila kabila la jimbo lile, Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, Wakinga, na kila mmoja alikuja na Kiswahili alichokikokota kutoka shule ya misheni. Mimi nilijipa kazi ya kuwasahihisha wote. Wakaniita Kamusi, nami nikadhani wananisifu. Kipindi cha Kiswahili nililala. Mwalimu wetu wa somo hilo alikuwa Mhehe, mtu mpole mwenye miwani, na mimi nilijiuliza Mhehe ataniambia nini mimi katika Kiswahili. Aliniamsha mara mbili tatu, kisha akaacha.

Kwenye kitanda kilichofuata changu alilala kijana wa Kisafwa kutoka milima ile ile iliyo juu ya Mbeya. Baba yake alilima viazi na pareto. Kijana huyu alikuwa na daftari dogo, na kila jioni kabla ya kengele alinijia: "Ndugu yangu, lile neno ulilosema mchana, maana yake nini?" Nilimwambia, akaliandika. Nilimtania, "Andika, andika, litakufaa ukishuka sokoni na viazi." Hakukasirika hata siku moja. Aliandika lile neno, akauliza jingine.

Sasa niseme nilichokifanya kwenye mtihani. Tangu matokeo yatoke, kwa miaka mingi sikumwambia mtu, na hata leo nikikiandika mkono unataka kunigomea.

Swali kubwa lilikuwa na habari ndefu kuhusu ujenzi wa daraja, na agizo: fupisha habari hii kwa maneno mia na ishirini. Basi. Lakini habari yenyewe iliandikwa na Mzungu, hilo lilionekana wazi kabisa. Ilikuwa kavu, imepangwa Kizungu, haina ladha hata ya kulambwa. Niliisoma mara moja damu ikanichemka. Nikachukua penseli nikaanza kuipigia mistari. Kisha nikafungua daftari la majibu nikaandika, namnukuu mpumbavu mwenyewe: "Habari hii haifai kufupishwa kabla haijatengenezwa." Nikaitengeneza. Niliiandika upya yote, tangu jiwe la kwanza mpaka mkuu wa wilaya anapokata utepe, na ilipokwisha ilikuwa imezidi ile ya kwanza kwa urefu.

Likafuata swali la barua. Tumwandikie mwenye duka kuagiza vitu. Nyumbani tulikuwa na sanduku la barua za babu, na mimi nilijua barua ya kiungwana inavyoandikwa: huanzi na shida yako kama mtu anayekimbizwa. Unaanza na salamu, unauliza hali, unawataja wazee, jamaa na majirani, unaomba dua, unashukuru, ndipo uingie. Nilisalimu ukurasa mzima na robo. Nilikuwa ndiyo kwanza naingia kwenye misumari na sabuni wakati kengele ilipolia.

Nilitoka chumba cha mtihani kifua mbele. Niliwaambia wenzangu kwamba atakayesahihisha karatasi yangu huko Ulaya atapata cha kujifunza. Wakacheka, nami nikacheka nao.

Basi, siku ya pili baada ya kuipata ile karatasi ya matokeo, rafiki yangu Msafwa alishuka kutoka kwao. Alikuja dukani amebeba kikapu cha viazi, zawadi ya baba yake kwa baba yangu. Alivua kofia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, na wewe umepata ngapi Kiswahili?"

"Mbili, baba."

Baba alikuwa akipima kitambaa kwa mkono. Aliusimamisha mkono hewani, akamtazama yule kijana tangu viatu mpaka nywele, kisha akawageukia wateja. "Mmesikia? Msafwa kapata mbili, mwanangu kapata nane. Hapo hapahitaji mganga. Karatasi zimebadilishana. Huyu kapewa alama za mwanangu."

Rafiki yangu alinitazama mimi. Alinitazama akingoja niseme, maana alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba karatasi hazikubadilishana. Siku ya mtihani nilikuwa nimejigamba mbele yake bweni zima likisikia. Neno moja tu lingetosha. Nilishika ukingo wa kaunta nikatazama mizani. Akaweka kikapu chini, akaaga kwa adabu, akatoka.

Nilimfuata mpaka kwenye kona. Mtu mwenye haya angeomba radhi. Mimi nilimshika bega nikamuuliza kwa ukali, "Wewe kwani uliandika nini?"

"Nilifupisha tu," alisema. "Walisema fupisha, nikafupisha. Mi nilikuwa naogopa ile karatasi, ndugu yangu. We hukuogopa."

Nilimwambia aende na viazi vyake. Akasema viazi si vyake, baba yake amempa baba yangu, mimi havinihusu. Huo ulikuwa ukweli pia, na ulinichoma zaidi. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani: methali hiyo tuliitumia sana nyumbani kuwacheka watu wa milimani, na hapo kwenye kona niliijua maana yake kwa mara ya kwanza. Mwaka ule ule alikwenda Kampala.

Baba naye alikuwa amekwisha kupata hadithi yake na hakuiachia. Aliisimulia msikitini baada ya magharibi, akaisimulia kwenye kahawa, akaisimulia kwa kila aliyekuja kununua bizari. Wazungu wamemwangusha mwanawe katika Kiswahili! Wazee wenzake walitikisa vichwa, wakakubaliana kwamba hii ni dhuluma isiyo na mfano. Nilikaa nao barazani nikinywa kahawa chungu, nikawaacha waseme. Kila mmoja aliponihurumia nilizidi kumchukia, na aliyenihurumia zaidi alikuwa baba. Mwishowe alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata kwa harusi ya dada yangu, tukapanda basi kwenda Iringa kudai haki.

Mkuu wa shule, Mwingereza, alitupokea vizuri. Alisema kwa Kiingereza kwamba karatasi ikishakwenda Ulaya hairudi, na hakuna wa kukatiwa rufaa. Lakini akasema pia kwamba nafasi moja iko ya kurudia mwaka. Matokeo yangu mengine yalikuwa mazuri na angependa kunipa mimi. Sharti ni moja: mwalimu wa Kiswahili akubali kunichukua, kwa kuwa yeye ndiye atakayehangaika na mimi. "Nendeni mkamwone nyumbani kwake," alisema.

Mimi ndiye niliyekuwa namtafsiria baba, na hapo nikachanganya maneno. Mwaka mmoja! Mwaka mmoja nini? Ningeulala wote sakafuni. Nilimwambia baba tu kwamba twende kwa mwalimu.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa nyuma ya shule, imezungukwa na mahindi. Mkewe alitoka akatusalimu kwa Kihehe, "Kamwene," na baba akampita kana kwamba ni mlango tu uliolia. Nililiona lile na nikanyamaza, nilikuwa nimezoea. Mama yule alituletea chai ya maziwa na magimbi ya kuchemsha. Mwalimu alimwamkia baba shikamoo, akampa kiti chenye mto, yeye akakaa kwenye stuli.

"Mzee," alisema, "kijana amekueleza alichoandika kwenye mtihani?"

"Ameniambia aliandika Kiswahili. Ndicho kilichowashinda."

Mwalimu alinitazama. Yeye ndiye aliyekuwa akisimamia chumba chetu siku ile, na kumbe alipopita nyuma yangu aliona kila kitu, wala sheria haikumruhusu kufungua mdomo. Alisubiri niseme mwenyewe. Niliposhindwa, akamwambia baba taratibu, bila kunidhalilisha: kwamba niliambiwa nifupishe habari, nami nikaisahihisha.

Nilijikaza kungoja kofi. Baba akapiga paja lake kwa nguvu akacheka mpaka machozi.

"Aliwasahihisha! Mwanangu aliwasahihisha Wazungu! Sasa hapo nani kaanguka, mwalimu?"

Sijapata kumchukia mtu kama nilivyomchukia baba yangu dakika ile, naye anacheka kwa mapenzi. Angenipiga ningepona.

Mwalimu hakucheka. Alisubiri kicheko kiishe, akasema kwamba mimi nina akili, kwamba yeye yuko tayari kunichukua, ila nitakaa darasani na wadogo zangu, na nitaandika kila zoezi tangu la kwanza. Alisema kwa upole, na katika kusema kwake ulimi ukateleza mahali, kama ulimi wa Mhehe unavyoweza kuteleza kwenye neno lisilo la kwao. Neno lenyewe silitaji. Lilikuwa neno dogo, na kila mtu mwenye nia njema alielewa.

Baba aliinua kidole. "Samahani, mwalimu. Hapo umekosea. Sema hivi." Akalisema neno lile polepole, akalirudia, akangoja.

Akangoja! Kama anavyowangojea Wasafwa na chumvi. Mkewe mwalimu alikuwa mlangoni na birika mkononi. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. "Asante, mzee," alisema. "Nimesikia." Hakulirudia.

"Basi mwanangu afundishwe Kiswahili hapa?" Baba alisimama, akavaa kofia yake. Chai hakuigusa. "Twende."

Mwalimu hakumtazama baba tena. Aliniuliza mimi. "Na wewe unasemaje, kijana? Ijumaa nampelekea mkuu wa shule jibu."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa na ndevu. Sikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nilifungua mdomo, nikaona baba amekwisha kushika mlango, nikaufunga. Nikatoka nyuma yake mpaka kwenye matope ya njia, na yale magimbi tumeyaacha yanatoa moshi mezani.

Ndani ya basi hadithi ilibadilika. Sasa haikuwa tena dhuluma, ilikuwa ushujaa. Baba alimsimulia dereva, akamsimulia mama mmoja wa Kibena aliyekuwa na kuku, akawasimulia polisi wawili wa likizo: mwanangu huyu hapa, aliwasahihisha Waingereza kwenye karatasi yao wenyewe. Tulipofika Makambako basi likasimama abiria wanywe chai, akaanza tena upya mbele ya watu wengine. Hapo nikapasuka.

"Nimeanguka, baba!" Nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka. "Nimepata nane! Udaktari umekwenda! Nafasi ilikuwa pale nyumbani kwa yule mwalimu, umeikalia, ukainuka ukaiacha! Na wewe unacheka!"

Mama wa Kibena akawavuta kuku wake. Baba alinitazama kwa muda, uso wake ukazeeka pale pale.

"Usinipandishie sauti mbele za watu," alisema taratibu.

Hayo tu. Kutoka Makambako mpaka Mbeya hakutamka neno, na hadithi ile hakuisimulia tena kwa mtu yeyote, si msikitini wala dukani. Miaka mingi nilijipongeza kwamba nilimnyamazisha. Nilimlaumu yeye kwa kila kitu, na kumlaumu ilikuwa rahisi, maana kweli alikosea. Lakini aliyeulizwa swali nyumbani kwa mwalimu nilikuwa mimi, na miguu iliyotoka pale ilikuwa yangu.

Siku ile ya Ijumaa ilipita nikiwa nyuma ya kaunta. Ningeweza kupeleka simu ya maandishi. Posta ilikuwa hatua mia kutoka dukani. Nilijiambia mwalimu ndiye aandike kwanza, yeye ndiye anayenitaka. Kiburi kilikuwa hakijaniisha, kilikuwa kimebadili kiti tu. Ilipotimu wiki tatu ndipo nikashika kalamu. Nilichana karatasi nne. Ya tano ilisema tu kwamba nimekosa, naomba nafasi, nitakaa darasa lolote na kuandika zoezi lolote.

Jibu lilikuja kabla ya mwezi kwisha. Mwalimu alisema amefurahi kupata barua yangu. Alisema alinisubiri mpaka Ijumaa jioni. Alisema nafasi ile amepewa kijana mwingine, naye ameshaanza masomo, na kwamba mimi ananitakia heri popote nitakapokuwa.

Barua yote ilikuwa mistari minne. Niliipeleka dirishani penye mwanga, nikaisoma neno kwa neno, herufi kwa herufi, nikitafuta kosa, kwa sababu kama ningelipata hata moja ningeweza kumchukia. Nililitafuta mpaka magharibi. Kosa sikuliona.